Kununua jiko la gesi la mtumba Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wa Unguja na Pemba huuliza kila mara wanapotafuta jiko la gesi la mtumba, yaani lile la kusimama lenye pleti nne juu na oveni chini, linaloshuka na makontena kutoka Uingereza, Dubai na kwengineko. Kama una nafasi ya kusoma majibu machache tu basi soma yale ya nozeli (kile kidude chenye tundu kinachotolea gesi) na ya kuwasha jiko kabla hujatoa pesa, mana hapo ndo pana usalama wa nyumba yako na watoto wako, mengine yote ni ya uzuri na bei.

Kwani jiko la mtumba lina uzuri gani wakati mapya yamejaa madukani?

Uzuri wake ni chuma. Majiko mengi mapya ya bei ya chini yana bati jembamba, ukiweka sufuria la pilau la wageni linayumba, na oveni yake inavujisha joto kwa sababu kuta zake hazikuwekewa vizuri ile pamba ya kuzuia moto usitoke nje, kwa hivo unachoma gesi kuipasha joto jikoni badala ya mkate. Jiko zuri la mtumba lina mlango wa vioo viwili au zaidi, vyuma vya kuekea sufuria ni vizito, bawaba zimekaza, na ukifunga mlango unasikia umefunga kweli. Jiko kama hilo likitunzwa linakaa miaka mingi.

Lakini usichukulie kila mtumba ni bora. Kuna jiko limetolewa kwenye nyumba kwa sababu mwenyewe kabadilisha jikoni tu, na kuna jiko limetolewa kwa sababu limekufa, na yote mawili yanakuja kwenye kontena moja na yanapanguswa kwa kitambaa kimoja.

Nimeliona jiko limenipendeza, ntajuaje kama ni la gesi ya mtungi au la gesi ya bomba?

Hili ndo swali lenyewe. Nyumba nyingi za Uingereza zinapikia gesi asilia inayoingia kwa bomba kutoka mtaani, presha yake milibaa 20. Sie hapa tunatumia gesi ya mtungi, yaani mchanganyiko wa propani na butani, na regulata ya nyumbani, kile kichwa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye mtungi, inatoa kiasi cha milibaa 30. Sio presha tu inayotofautiana, gesi yenyewe ya mtungi ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gesi asilia kwa ujazo ule ule. Ndio mana jiko la mtungi lina nozeli zenye tundu dogo na la bomba lina tundu kubwa. Ukilichukua jiko la bomba ukalifunga kwenye mtungi wako bila kubadilisha kitu, gesi inatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma, moto unapanda mrefu wa manjano, sufuria zinakuwa nyeusi, na jikoni kunajaa kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu na inaua.

Kwanza tafuta kibandiko au kibati chenye maandishi. Kinakaa nyuma ya jiko, au ukifungua droo ya chini, au kwenye ukingo wa mlango wa oveni. Ukiona G20 na milibaa 20, jiko limetoka kiwandani kwa gesi asilia. Ukiona G30 ni butani, G31 ni propani, na hizo ndo za mtungi. Mengi yameandikwa zote mbili, maana yake yanakubali kubadilishwa, ila sasa hivi limewekwa kwa ipi kibandiko peke yake hakitakwambia kwa uhakika, mana huenda mwenyewe wa mwanzo alishalibadilisha.

Kwa hivo angalia nozeli yenyewe. Ondoa chuma cha kuekea sufuria, ondoa kofia ya bana (yaani pale moto unapotokea) na kile kikombe chake, chungulia katikati chini utaona kidude kidogo cha rangi ya dhahabu chenye tundu, na mara nyingi kimeandikwa namba. Namba hiyo kwa majiko mengi ya Ulaya ni upana wa tundu kwa mafungu mia ya milimita, kwa mfano 50 ni milimita 0.50. Bana ndogo kabisa ya jiko la mtungi mara nyingi iko karibu na 50, ya gesi asilia inapita 70. Bana kubwa ya mtungi utakuta kwenye 80 na kitu, ya gesi asilia inapita 100. Nenda na tochi ya simu, piga picha ya kila nozeli, na usione haya muuzaji akikutizama, ni pesa zako hizo.

Majiko yanayotoka Dubai mengi yalikuwa yanatumika kwa mtungi huko huko, kwa hivo yana nafasi kubwa ya kuwa sawa, lakini na hayo pia chungulia.

Fundi kaniambia nozeli hazina haja kubadilishwa, tutapunguza gesi kwenye regulata basi. Ni kweli?

Si kweli, na fundi anaekwambia hivo usimwachie jiko lako. Regulata ya nyumbani imetengenezwa kutoa presha moja tu. Na ukizuia gesi kwenye koki ya mtungi, utaona moto umepungua siku hiyo, kesho mtu mwengine anafungua koki yote na moto unaruka mpaka kwenye pazia.

Kuna na wengine wanaziba nozeli kwa lehemu halafu wanatoboa upya kwa sindano. Tundu la namna hiyo halina kipimo, linakaa upande, na lehemu inaweza kuachia kwa joto. Nozeli za mtungi zinauzwa, chukua jina la jiko na namba ya modeli upate seti kamili ya pleti zote nne, ya oveni na ya grili (moto wa kuchomea kutoka juu). Kama seti haipatikani kwa modeli hiyo basi jiko hilo liache, kheri ulikose.

Na kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalisahau: skrubu ya moto mdogo. Ukivuta kile kishikio cha kuzungushia, chini yake au ndani ya ule mti wake kuna skrubu ndogo sana inayopima gesi ya ule moto wa mwisho wa chini. Ikibadilishwa nozeli bila kugusa skrubu hiyo, moto mkubwa utakuwa sawa lakini moto mdogo hautashuka, na wewe mpishi ndo utakaeumia, mana wali ukishakauka unataka moto wa chini kabisa, na maziwa pia, na tui ukilichemsha kwa moto mkali linakatika. Mwambie fundi mbele yako: washa, shusha mpaka mwisho, nione.

Muuzaji anasema jiko zima kabisa ila gesi ya kujaribia hana. Nifanyeje?

Usilipe. Hata ukimjua, hata awe jirani, jiko linawashwa kwanza. Chukua mtungi wako mdogo wa kilo 6 au wa ndugu yako, chukua regulata na mpira, nenda na fundi, na muwashe nje pahala pa wazi. Muuzaji mkweli atafurahi, mana na yeye anajua jiko lake litauzika siku hiyo hiyo. Anaekataa jiko lisiwashwe kashakujibu.

Mkiunga tu, kabla ya kuwasha chochote, paka povu la sabuni kila pahala penye maungio, kwenye regulata, kwenye mpira, nyuma ya jiko, na kwenye ile bomba refu ndani inayobeba vishikio vyote. Povu likifura panavuja. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inalala chini sakafuni inasubiri cheche.

Halafu washa moja moja, zote, sio mbili za mbele tu. Washa oveni uiache robo saa mpaka nusu saa. Zungusha kila kishikio, kikiwa kigumu sana grisi imekauka na hilo linatengenezeka, kikiwa kinazunguka ovyo bila kushika basi koki imechakaa na hiyo ni gharama.

Jaribu na ile salama ya moto. Majiko mengi ya kisasa yana kisindano kidogo pembeni ya kila moto, kikipata joto kinaacha gesi ipite, moto ukizimika na upepo kinapoa na kinafunga gesi chenyewe. Kwa kulijaribu: washa bana, kaa dakika moja, uzime moto kwa kuupuliza bila kugusa kishikio, halafu sikiliza. Ndani ya dakika moja hivi lazima usikie "tak" ya kufunga, na gesi isitoke tena. Ukimaliza tu, zungusha kishikio ufunge mwenyewe na uache hewa ipite. Jikoni kwetu madirisha yako wazi na kusi ikivuma inaingia mpaka ndani, kwa hivo kitu hichi hakina mjadala kwa mtu mwenye watoto au mzee nyumbani. Ukiona jiko linakutaka ushikilie kishikio muda mrefu na ukiachia moto unazimika, mara nyingi ni hicho kisindano kimekufa au kimechafuka. Kinabadilishwa, lakini usikubali fundi akukatie mfumo wenyewe ati "usumbufu".

Moto mzuri unakuwaje?

Buluu, mfupi, umekaa juu ya matundu ya bana, hauruki wala haungurumi. Ukiwa wa manjano na unaacha masizi, gesi nyingi au hewa kidogo, rudi kwenye nozeli. Ukiwa unanyanyuka kuachana na bana na unavuma, hewa imezidi au presha kubwa. Ukiwa mdogo mdogo hata ukifungua wote, tundu limeziba, na wadudu na utando wa buibui ndani ya bomba za bana ni jambo la kawaida kwa jiko lililokaa stoo.

Watu wanaogopa wakiona vicheche vya rangi ya machungwa ndani ya moto wa buluu. Chumvi ikidondokea kwenye moto hutoa rangi hiyo, vumbi pia, inapita yenyewe. Tofautisha baina ya kicheche kinachokuja na kuondoka na moto mzima wa manjano unaokaa.

Kutu niitizame wapi?

Chini. Kila mtu anatizama juu panapong'ara. Liegemeze jiko kidogo na mwenzako, mulika tochi chini ya oveni, kwenye miguu, na nyuma. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na jiko lililokaa nje ya duka chini ya turubai kwa masika moja tu linaanza kuliwa kutokea chini. Kutu ya juu juu, ya kupangusa, sio tatizo. Kutu iliyotoboa sakafu ya oveni, au iliyokula bomba ya gesi, liache. Chukua bisibisi ugonge gonge taratibu, chuma kizima kina sauti na kilichooza kinakuwa kama biskuti.

Mlango wa oveni ufunge na karatasi katikati, vuta. Karatasi ikichomoka bila kushikwa popote basi raba ya mlango imekwisha au bawaba zimelegea. Raba inapatikana, bawaba za modeli yako ndo shida kuzipata.

Stainless yote si haipati kutu?

Inapata. Chukua smaku ndogo. Stainless nzuri ya daraja la 304 smaku haiishiki au inashika kwa mbali sana, ile ya daraja la 430 smaku inanata kabisa, na hii ya pili kwa watu wa pwani inaanza madoa ya kahawia mapema. Majiko mengi ya nyumbani yana hii 430, sio kwamba ni mabaya, ila ujue utakuwa unapangusa kwa kitambaa cha maji baridi na kukausha kila siku, na steelwool usiiguse kabisa mana inaacha vichembe vya chuma na vyenyewe ndo vinaota kutu. Kwa mtu anaeishi ufukweni, jiko lililopakwa enameli nzima lisilo na mikwaruzo naliona bora kuliko stainless ya kung'ara.

Nataka zaidi kwa mkate wa kumimina na mikate ya ufuta. Niangalie nini?

Grili, dada yangu. Mkate wa kumimina unataka moto chini na moto juu, kama tunavopalia makaa juu ya sinia. Oveni ya gesi yenye moto wa chini peke yake itakuivishia mkate lakini juu utabaki mweupe, na ukiusubiri upate rangi chini unaungua. Kwa hivo hakikisha kuna bana ya juu na inafanya kazi. Tena tizama grili iko ndani ya oveni ile ile au ina kijumba chake pekee juu. Majiko mengi ya Uingereza grili iko kijumba chake, basi mkate utaupika chini kwanza halafu unauhamishia juu dakika chache, inawezekana ila usimame hapo hapo, mkate wenye tui na sukari unababuka ghafla.

Pima na sinia lako au sufuria lako la mkate kabla hujenda. Oveni ya jiko la sentimita 50 na ya sentimita 60 kwa nje zinaonekana karibu sawa, ndani sinia moja linaingia na jengine haliingii. Na oveni zenye namba 1 mpaka 9 badala ya digrii, zile ni alama za gesi za Uingereza: namba 4 ni kama digrii 180, namba 6 kama 200, namba 7 kama 220. Mkate wa mayai wengi wanaupika kwenye 4.

Kipimo cha oveni ya zamani usikiamini moja kwa moja. Nunua kipima joto kidogo cha kuekwa ndani, bei yake ndogo na kinakupunguzia kuunguza.

Na yale yenye pleti za gesi na oveni ya umeme, au ya umeme mtupu?

Umeme wetu ni volti 230 na plagi zetu ni zile zile za pini tatu za mraba za Uingereza, kwa hivo jiko la huko linaingia bila transfoma. La Japani ni volti 100, ukilichomeka hapa umeliunguza. Lakini volti sio habari yote. Soketi ya kawaida ni ampea 13, yaani kama kilowati 3, na jiko la umeme mtupu la Uingereza linataka waya wake pekee mnene na brika yake, mpaka ampea 32. Ukiliunga kwenye waya wa soketi za sebuleni unatafuta moto ndani ya ukuta.

Kuna na suala la umeme wenyewe. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka 2008 tulivokaa karibu mwezi mzima kizani baada ya waya wa kutoka bara kuharibika, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Hali si ile tena, ila mimi namshauri mtu anaepika kila siku awe na gesi juu, na oveni ya umeme kama anaitaka iwe ni ziada. Na kama unaweka tokeni za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, kidogo kidogo, oveni ya kilowati 2 au 3 utaiona kwenye mita siku hiyo hiyo.

Zile za gesi zenye kuwashia kwa umeme hazina shida, umeme ukikatika unawasha kwa kiberiti. Isipokuwa baadhi ya oveni za kisasa ambazo bila umeme hazifungui gesi kabisa. Muulize muuzaji, chomoa plagi, jaribu kwa kiberiti.

Yale ya Japani ya pleti mbili yenye kijidroo cha kuchomea samaki je?

Ni mazuri sana kwa nyumba ndogo, na presha yake ya gesi ya mtungi ni kilopaskali 2.8, sawa na milibaa 28, inaendana na ya kwetu. Ila Japani pia wana gesi ya bomba. Tafuta kibandiko, mara nyingi pembeni: ukiona herufi LP ni la mtungi, ukiona 12A au 13A ni la bomba, liache. Kuwashia kunatumia betri mbili kubwa za tochi, fungua kijumba cha betri utizame kama pameota unga wa kijani.

Gesi itakula kiasi gani?

Kilo moja ya gesi ina kama kilowati saa 12.8. Bana kubwa ya kilowati 3 ikiwaka yote bila kushushwa inakula kama gramu 235 kwa saa, kwa hivo mtungi wa kilo 15 utakupa kama saa 64 za moto huo mkubwa, na wa kilo 6 kama saa 25. Hakuna anaepika moto mkubwa mwanzo mpaka mwisho, kwa hivo unakwenda zaidi ya hapo. Kinachokula kimya kimya ni oveni, khasa Ramadhani ukioka kila jioni. Oka vitu viwili pamoja.

Unapojaza au kubadilisha mtungi, upime. Juu ya mtungi pamegongwa uzito wake mtupu, toa kwenye uzito wa mzani, kinachobaki ndo gesi yako.

Muuzaji ananipa mpira na regulata bure pamoja na jiko. Nichukue?

Jiko chukua, mpira na regulata nunua vipya. Mpira una tarehe ya kutengenezwa imechapwa pembeni, ukiukunja ukiona nyufa nyufa umeshakwisha, na jua letu linaumaliza mapema. Regulata lazima ikae sawa na mdomo wa mtungi unaotumia, kampuni na saizi zinatofautiana, kwa hivo piga picha ya mdomo wa mtungi wako uende nayo dukani. Na usichukue regulata ya presha kubwa, zile za majiko ya shughuli na ya mama lishe. Kwenye jiko la nyumbani ni hatari.

Nyuma ya jiko la Uingereza utakuta uzi wa skrubu wa nusu inchi sio nipo ya kuvalishia mpira. Fundi akuekee nipo ya chuma cha njano na klipu mbili, sio waya wa kufungia.

Mtungi ukae umesimama, nje ukutani kwenye kivuli ni bora zaidi, na mpira usipite nyuma ya oveni panapowaka. Kwenye shimo la ukuta pita na kipande cha bomba ili saruji isiukate.

Bei ya haki ni ipi?

Bei zinapanda na kushuka na kontena, kwa hivo nakupa njia ya kuhesabu. Nenda kwanza ukaulize jiko jipya la saizi ile ile na pleti zile zile. Halafu kwa lile la mtumba jumlisha seti ya nozeli, mpira, regulata, nipo, fundi, na gari ya kubebea. Jumla yote ikivuka nusu ya bei ya jipya, mie ningehitaji sababu ya nguvu, kwa mfano jiko zito la jina linalojulikana ambalo vifaa vyake vinapatikana. Kasoro unazoziona zitaje moja moja kwa upole wakati wa kupatana, kishikio kilichovunjika, kioo cha juu hakipo, kila kimoja kina bei yake. Na mwambie muuzaji akuandikie risiti yenye modeli na ahadi ya siku za kurudisha, hata kwa mkono.

Naishi Mji Mkongwe ghorofa ya pili. Litapanda?

Pima ngazi kabla ya jiko. Nyumba nyingi za zamani ngazi zake ni nyembamba na zinakata kona, na jiko la sentimita 60 pamoja na mikono ya wachukuzi linataka nafasi zaidi ya hiyo. Toa mlango wa oveni, vyuma, na kioo cha juu, uzito unapungua na kona inapitika. Gari haifiki vichochoro vingi, kwa hivo patana na watu wa gari la hamali mapema.

Dari na sakafu za nyumba hizi ni boriti na chokaa, kuna mbao nyingi karibu, kwa hivo usilibane jiko kwenye kabati la mbao wala pazia, na mtungi usiuweke kwenye kiukumbi kisicho na dirisha, mana gesi ikivuja itashuka na ngazi mpaka kwa jirani wa chini.

Niko Pemba, ninunue Unguja nilete kwa chombo?

Tafuta kwanza Chake na Wete, siku hizi vinapatikana, na utaweza kuliona likiwaka. Ukiamua Unguja, lijaribu huko huko kabla ya kupakia. Kioo cha juu kitoe ukifunge kwa blanketi peke yake, mlango ufunge kwa kamba, vishikio vyote vivue utie mfukoni, mana ndo vitu vinavovunjika na kupotea bandarini. Lisafiri limesimama, lisilazwe kwa mgongo, bomba ya gesi ndo ipo huko. Lifunikwe kwa nailoni juu na chini, dawa ya maji ya chumvi ni kutolifikia. Likifika Mkoani au Wete lipanguse kwa maji baridi ulikaushe siku hiyo hiyo, na jaribio la povu lirudiwe upya nyumbani, maungio yanalegea njiani.

Nikishapata gesi, seredani (jiko la mkaa) niitupe?

Usiitupe. Samaki wa kuchoma na mahindi havitaki gesi. Ila itumie uwani, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa ile ile kaboni monoksaidi, na kila mvua za masika watu wanaingiza seredani ndani wafunge madirisha.

Jiko limefika, lina mafuta ya miaka. Nalisafishaje?

Chomoa kila kitu, vyuma na vikombe vya bana virowekwe maji moto na sabuni usiku mzima. Matundu ya bana yazibue kwa brashi kavu, na nozeli isafishwe kwa kupulizwa tu, ukiingiza pini unalipanua tundu na umerudi kule kule kwenye moto wa manjano. Ndani ya oveni paka baking soda iliyokorogwa na maji kidogo, iache mpaka asubuhi, pangusa kwa siki. Kausha kabisa kabla ya kurudisha, halafu washa oveni tupu kama nusu saa na madirisha yote wazi ili harufu na mafuta yaliyobaki yaungue. Kioo cha juu usikifunge bana zikiwa bado moto, kinapasuka vipande vidogo vidogo jikoni nzima. Na chini ya jiko pazibe waya wa nyavu kwenye matundu makubwa, panya wanapenda ile pamba ya oveni kufanyia kiota, na wakishaingia watakula na waya za kuwashia.